Mstari Nilioukata

Baba,

Nimeanza na jina ninalokuitia nyumbani. Umebeba jina la babangu, na tangu uzaliwe sijaweza kukuita Musonye bila kuhisi ninamkosea mzee adabu. Ni shuleni tu nilikokuita Musonye, na hilo ni mojawapo ya mambo nitakayoyasema hapa.

Ni saa kumi jioni na mvua inanyesha kama kawaida yake. Umeenda Lubao kumuaga mjomba wako, na kwa mvua hii najua hatakuachilia mapema. Sanduku lako limeshafungwa. Mambo ya blanketi, ndoo na nani atakupokea Eldoret nimewaachia babako na bibi yako, Kukhu, ambao wamekuwa wakiyazungumza tangu Jumatatu kama watu wanaopanga harusi. Kukhu ameshikilia kwamba utabeba ingokho, kuku mzima mwenye miguu iliyofungwa, na mimi nimekataa kuingilia hiyo kesi. Mtaelewana kesho.

Mimi nina jambo moja tu, na si la kukufundisha. Nimekuwa mwalimu miaka kumi na tisa na naijua sauti yangu: ikishaanza kufundisha, haijui kunyamaza. Ukiona imeanza humu ndani, ruka hapo uendelee mbele.

Ni kuhusu ile picha.

Najua umeshatingisha kichwa. Umeniambia mara mbili kwamba hiyo ilipita zamani. Haijapita, na wewe unajua, na mimi nimejua vizuri zaidi tangu Jumamosi. Nitakuambia kilichotokea Jumamosi, lakini acha nianzie nyuma, maana nataka uone nilipopotelea.

Unakumbuka tovuti ilivyoanza. Shule zilifungwa wakati wa korona na wanafunzi wangu wakatawanyika Shinyalu yote, wengine wakichuna majani chai, wengine wakilima kwa watu. Nilikaa kwa meza hii hii na laptopu ya shule, ile ambayo herufi K ilikuwa imeng'oka ikabaki kidude cha mpira, nikajifunza kutengeneza tovuti peke yangu. Jaribu kuandika maelezo ya kemia bila K. Niliandika mafupi mafupi, nikazipunguza picha ili zisile bando, kwa sababu nilijua simu ya nyumbani huwa moja na ni ya mzazi, na mzazi akikuta bando imeisha kabla hajampigia shangazi, kemia imeisha siku hiyo. Wewe ulikuwa darasa la saba. Ulikuwa unasoma kila nilichoweka, hata usichokielewa, halafu unaniambia kwa sauti ya mkaguzi: "Mama, hapa ni ndefu."

Shule zilipofunguliwa sikuifunga. Kila Ijumaa niliweka muhtasari wa wiki, maswali matano, na majibu Jumapili. Mtoto aliyekosa shule kwa sababu ya karo au kwa kuuguza mtu aliweza kupita kwenye kompyuta za saiba pale sokoni akajua wenzake wamefika wapi. Hiyo kazi ilikuwa nzuri. Sitaki uelewe barua hii kana kwamba ninajuta kuifanya.

Halafu kulikuwa na ule ukurasa nilioupa jina Makosa Yetu. Ulianza na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika mlinganyo ubaoni, nikausawazisha vibaya, nikaufundisha kipindi kizima kwa kujiamini, hadi Mercy wa nyuma kabisa akainua mkono na kusema, "Madam, oksijeni imepotea." Darasa lilingoja nimmeze mzimamzima. Nilicheka. Nikapiga ubao picha, nikaiweka kwenye tovuti na maneno haya: Kosa la Madam, litafute. Wiki iliyofuata wanafunzi watatu waliniletea makosa yao wenyewe bila kuitwa.

Kwa hivyo nikatunga utaratibu, na nilijivunia sana huo utaratibu. Sikuwa naweka kazi ya mtu kabla ya kumwomba. Nilimwita kando, nikamwonyesha picha, nikamuuliza, "Naweza kuiweka?" Akikataa, basi. Jina lilifunikwa. Na chini ya kila kosa niliandika yale mwenyewe aliyokuwa akifikiria hadi akafika pale, kwa sababu mtoto hakosei hivi hivi tu. Kuna njia aliyopitia, na ukiijua hiyo njia unaweza kurudi naye. Hiyo njia ndiyo iliyokuwa maana ya ukurasa wote.

Baadaye niliacha kuweka makosa yangu. Sijui niliacha lini. Si kwamba nilikuwa nimeacha kukosea.

Ulipofika kidato cha tatu ukaingia kwenye darasa langu. Tulikuwa tunatembea pamoja asubuhi, na tukikaribia lango ulikuwa unabaki nyuma hatua kama kumi, bila kuambiwa, ili niingie peke yangu nikiwa Madam. Mimi niliiona hiyo kuwa adabu. Sikuwahi kugeuka nikuulize kama unapenda kutembea huko nyuma.

Wiki ya pili tu naibu wa mwalimu mkuu akaanza utani wake stafurumu, mbele ya walimu wote. "Huyu kijana wa Madam atapita," alisema, "mtihani wa kemia kwao unapikwanga na ugali." Watu wakacheka na mimi nikacheka nao, lakini maneno yale yaliniingia. Nilianza kukuchunga. Pale nilipompa mtoto mwingine alama saba, wewe nilikupa sita. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia hilo, na sasa nimelisema. Nilitaka watu wote waone kwamba sikupendelei, na hakuna njia rahisi ya mwalimu kuonyesha hivyo kama kumwonea mtoto wake.

Ndipo likaja lile swali la asidi na alkali.

Niliuliza: umepewa vimiminika viwili visivyo na rangi, kimoja asidi na kingine alkali, utavitofautisha vipi? Nilitaka karatasi ya litmasi, kama kila mtu anavyojua. Wewe ukaandika kwamba ungechovya kidole na kuonja kidogo. Asidi itakuwa kali kama ndimu, alkali itakuwa chungu na itateleza kwenye vidole. Kisha ukaongeza mstari wa pili. Ukaandika kwamba nyumbani ndivyo tunavyopima munyu wa majivu kabla ya kuutia kwenye mboga, na ndiyo maana umefikiria hivyo.

Uliandika kwa Kiingereza cha mtihani, lakini mimi niliusikia kwa sauti ya jikoni kwetu. Nilimwona Kukhu akichoma maganda makavu ya maharagwe, akikusanya majivu kwenye chungu kilichotobolewa, akimwagia maji na kungoja yadondoke chini tone kwa tone, yakiwa na rangi ya chai nyepesi. Nilikuona ukiwa na miaka minne umesimama mbele yake. "Toa urimi," alikuambia, akakugusisha munyu kidogo tu kwa ncha ya kidole, ukakunja uso wote, naye akasema, "Umekomaa huo. Munyu haupimwi na macho, unaonjwanga." Mimi mwenyewe nilikuwa nakutuma. Mara ngapi nimekuambia niko na kazi, nenda uonje munyu uniambie kama unatosha kwa mboga ya mrenda?

Katika maabara hakuna kuonja, hilo ni kweli, na alama zote usingezipata. Lakini ulikuwa umesema ukweli wa kemia. Alkali ni chungu, na inateleza. Ulikuwa umeijua kwa ulimi kabla hujaisoma kwa kitabu. Miaka yote hiyo nikiwaambia watoto wa watu waniambie walivyofikiria, wewe ulinieleza bila kuulizwa.

Nami nilipoupiga picha ule ukurasa, niliukata ule mstari wa pili.

Nimejaribu mara nyingi kusema kwamba niliukata kwa sababu ya nafasi. Si nafasi. Niliona aibu. Nilifikiria naibu na wale wengine wakisoma kwamba kwa mwalimu wa kemia mboga bado zinalainishwa kwa maji ya majivu, na kwamba kijana wake anaonjeshwa kama watoto wa zamani. Kila mmoja wao kwao wanafanya hivyo hivyo, na mrenda wao ni mtamu kwa sababu hiyo hiyo, lakini siku hiyo sikufikiria hivyo. Nikabakiza kuonja peke yake, bila sababu, kama jibu la mtu asiye na akili. Chini nikaandika: Huyu atazikwa kabla hajaandika matokeo. Nikaongeza emoji tatu za kucheka.

Na sikukuomba. Kila mtoto wa mtu niliyemweka pale nilimwita kando nikamwomba ruhusa. Wewe sikukuomba, na unajua kwa nini? Haikunijia akilini. Ulikuwa wangu. Mtu haombi ruhusa ya kushika mkono wake mwenyewe.

Jina nilikuwa nimelifunika, lakini ni nani darasani asiyejua mwandiko wa mwenzake? Kufika Jumatatu ulikuwa unaitwa Onja. Kwenye maabara mtu anakusogezea chupa: "Onja, tuambie hii ni nini." Walitengeneza stika ya WhatsApp. Nilisikia jina hilo uwanjani siku moja mkicheza na shule ya jirani, watu wakipiga kelele "Onja! Onja!" nikadhani ni jina la mpira, nikatabasamu. Mercy ndiye aliyenieleza, na alinieleza akiwa ameshamaliza shule, tulipokutana sokoni. Alidhani najua.

Lakini wewe ulinijia mapema, na hapo ndipo siwezi kujificha. Ulinikuta jikoni na Kukhu akichambua mboga. Ukasema, "Mama, toa ile picha." Hukupandisha sauti. Nami nikakujibu kwamba hapa mimi ni Mama, na mambo ya darasa yako na Madam, na Madam anapatikana stafurumu kama kwa wanafunzi wengine. Nilidhani nimesema jambo la hekima. Kukhu aliinua macho akaniangalia. "Mtoto anaongea na wewe," akasema, "sasa wewe unamtuma kwa nani?"

Wewe kesho yake ulikuja stafurumu.

Hilo sikutarajia. Ilikuwa saa nne, walimu wanakunywa chai. Ulibisha, ukangoja uitwe, ukaja ukasimama mbele ya meza yangu na mikono nyuma. "Madam, naomba utoe ile picha." Nikakuambia imesomwa na watu wengi kuliko ukurasa mwingine wowote wa tovuti, na inasaidia wenzako. Ilikuwa kweli kwamba imesomwa. Kila jioni nilikuwa naangalia ile hesabu ya wasomaji ikipanda, na watu wa elimu walikuwa wameahidi kuja kuiona tovuti.

Kisha ukasema, "Basi weka na ule mstari wa pili."

Kumbe ulikuwa umeona. Bila shaka ulikuwa umeona. Mwandiko ni wako. Nikakuambia, "Rudi darasani."

Ulipotoka naibu alipiga meza akicheka. "Madam hana mchezo," alisema, "hata na wake!" Na nitakuambia jambo ambalo limenichukua muda mrefu kuliko mengine yote kuliandika hapa. Nilifurahi. Mungu anisamehe, Baba, uso wako bado uko mlangoni na mimi nilifurahi kusifiwa.

Picha niliitoa mwisho wa muhula, wageni walipokuwa wameshakuja na kuondoka. Niliitoa kimyakimya, sikumwambia mtu, nikajihesabia kwamba nimetenda haki. Kwa simu za wenzako bado ilikuwepo.

Baada ya hapo ulianza kuacha mapengo. Mwanzoni swali moja hapa, moja pale. Katika mtihani wa majaribio wa kidato cha nne uliacha karibu nusu ya karatasi nyeupe. Niliandika kwa kalamu nyekundu pembeni: Kwa nini hukujaribu? Nilikuandikia hivyo mimi, mimi ambaye nilikuwa nimekuonyesha kinachompata mtu akijaribu. Nyumbani nilikukaripia kwa uvivu. Nilimwambia babako umeharibiwa na mpira.

Na sote tunajua ulichokuwa unataka. Tangu ile wiki Kukhu alipolazwa Iguhu na wewe ukakataa kurudi nyumbani, ukawa unamfuata yule afisa wa kliniki kitanda kwa kitanda ukimuuliza anaandika nini na kwa nini, naye kwa wema wake akikujibu kila swali, hukuwahi kutaja kazi nyingine. Matokeo yalipokuja, masomo mengine yote yalikuwa yanatosha. Kemia ilikuangusha kwa hatua moja ya gredi. Hatua moja tu, na mwalimu wa kemia ni mimi. Ulisoma ule ujumbe wa matokeo, ukanipa simu, ukaenda kumkatia ng'ombe majani.

Sidharau unachokwenda kusomea. Mikono yako na umeme vinaelewana, na nyumba ya Kukhu ina taa leo kwa sababu yako. Huenda ukaipenda kazi hii kuliko ile. Lakini ningependa uwe umeichagua, si kwamba ilibaki.

Sasa, Jumamosi. Nilikuwa natafuta cheti chako cha kuzaliwa katika lile sanduku la vitabu chini ya kitanda. Nikakuta daftari la kemia la kidato cha nne. Nililifungua kutokea nyuma, sijui kwa nini, na nikakuta maandishi ya penseli. Swali la saba la ule mtihani wa majaribio, ambalo uliliacha wazi. Jibu lote liko pale, hatua kwa hatua, na ni sahihi. La tisa. La kumi na mbili. Kurasa nne. Ulikuwa unaacha mapengo kwenye karatasi yangu, kisha unakuja nyumbani kuyajaza mahali ambapo sitaona. Kando ya kila jibu umejisahihishia mwenyewe, tiki ndogo.

Niliketi sakafuni na hilo daftari hadi babako akaniita mara tatu. Ulikuwa unajua, Baba. Ulikuwa unajua kila kitu, na ulikuwa unanificha kama mtu anavyoficha kitu kwa mwizi.

Leo mchana, ulipotoka kwenda Lubao, nilifungua tovuti nikaanza kuandika kwenye ule ukurasa wa Makosa Yetu. Nilisema moyoni kwamba nikianza na kosa langu, nitaumaliza na kosa langu. Niliandika kuhusu munyu wa Kukhu, kuhusu mstari wa pili, kuhusu swali la saba. Niliandika vizuri, nisikufiche. Nilipofika katikati nilikuwa nalia, na bado nilikuwa nasahihisha sentensi ziingie vizuri. Nikafikiria walimu wengine watakavyosoma. Nikafikiria watakavyotumiana, na watakavyosema, huyu mwalimu ana moyo. Niliitafuta ile picha nzima, yenye mistari yote miwili, bado ninayo kwenye laptopu, nikaiweka juu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kile kitufe cha kuchapisha.

Halafu nikaona sijakuomba.

Mwaka mzima na nusu wa kujuta, daftari lako mapajani, machozi usoni, na nilikuwa nakaribia kukuweka hadharani mara ya pili ili watu wajue ninavyojuta. Nilifuta yote. Nikafuta na picha. Nikachukua karatasi hizi, ambazo hazina hesabu ya wasomaji, nikaanza upya.

Kama kuna kitu nimekielewa ni hiki kidogo. Kwa watu wa nje nilikuwa napiga hodi. Kwako niliingia tu. Nilidhani huko ndiko kuwa na mtu wako, kwamba mlango wake ni wako. Siku moja utakuwa na watu wako, mke labda, watoto, fundi mdogo unayemfundisha kazi na kumpenda. Utakuwa umechoka, kutakuwa na watu wanaokutazama, na mtu wako atakuwa karibu na mkono. Sitakuambia ufanye nini hapo. Utakumbuka kilivyokuuma kuliko ninavyoweza kukieleza.

Na kuhusu kuacha mapengo sina haki ya kusema chochote. Huko unakoenda utapewa karatasi na walimu ambao hawakujui, wasio mama yako, na ninaomba Mungu wawe watu wanaouliza mtu alifikiria vipi. Wako wengi. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, kwa watoto wote isipokuwa mmoja.

Sasa nakuomba radhi. Nimezunguka sana kabla ya kufika kwenye neno hili na halina marembo. Nilikukosea, Musonye. Nakuita hivyo kwa makusudi, kwa sababu aliyesimama stafurumu na mikono nyuma alikuwa Musonye, na hakuna aliyewahi kumwomba msamaha. Nilikosea nilipokata, nilikosea nilipocheka, nilikosea zaidi uliponijia mara mbili nikakurudisha mara mbili. Huna haja ya kunijibu. Usiniambie ilipita zamani ili nilale vizuri.

Nitakupa barua hii ukirudi, mkononi, siyo kuificha ndani ya nguo zako ukaikute huko peke yako.

Kuna jambo moja la kesho, na hili nakuomba, siamui. Watu wa jumuiya watakuja asubuhi kukuombea kabla ya safari. Unajua watakavyokuwa. Baada ya amina mtu atauliza, kama walivyouliza Jumapili kanisani, mbona kijana aliyetaka kutibu watu anakwenda kufunga nyaya. Jumapili nilikusikia ukimjibu yule mama, "Kemia haikuwa yangu, anti," ukacheka, nami nikiwa nimesimama karibu nimeshika Biblia, nikakuacha uniokoe. Umekuwa ukiniokoa hivyo tangu matokeo yatoke. Umewaambia hivyo wajomba, umewaambia majirani, pengine hivi sasa huko Lubao unamwambia ndugu yangu.

Wakiuliza kesho, niko tayari kujibu mimi. Nitasema mbele yao wote, na mbele ya babako ambaye hajui hata nusu, kwamba kemia ilikuwa yako na ni mimi niliyekunyang'anya. Lakini hayo ni maisha yako, na kuyasema au kuyanyamazia ni kwako. Kwa hivyo wakiuliza, nitakuangalia. Ukiinua macho uniangalie, nitasema. Ukitazama chini nitanyamaza, na sitakuuliza kwa nini.

Mamako